Kivuli cha Minazi ya Mkadini

Jumanne asubuhi Bi Alawiya alikuwa ameketi ukumbini kwake, mjini Pate, sinia la mchele mapajani, akitoa chuya na vijiwe, simu yake ilipolia. Aliyepiga ni Patroba, mtunzaji wa makumbusho ya vita ya Mkadini. Patroba akamwamkia, akauliza hali za watu wa nyumbani, kisha akasema kuna mzee wa ukoo wake Bi Alawiya amekwea mnazi pale ngomeni na hataki kushuka.

"Mnazi gani?" aliuliza Bi Alawiya. "Huko hakuna minazi."

"Hakuna, mama. Lakini amekwea. Anasema yeye ni Jeilani, na anataka kuonana na watu wake."

Jeilani alikuwa babu yake Bi Alawiya, mzaa baba. Amezikwa nyuma ya msikiti, na kila Idi watu wa nyumba hiyo huenda kumsomea. Bi Alawiya akamshukuru Patroba kwa kumpigia, akamaliza mchele wake, akaufunika kwa kawa, akamwita mdogo wake. Afra alikuwa amekuja kutoka Kililana, kule bara, kwa ajili ya arusi ya mpwa wao, na bado alikuwa na hina mbichi mguuni.

"Babu amerudi," alimwambia. "Yuko Mkadini."

"Amerudi kufanya nini?"

"Kuangua nazi."

Afra akatazama hina yake, akaona itakauka njiani. Wakavaa mabuibui, wakaita pikipiki, wakapanda wawili nyuma ya dereva mmoja, Afra akiwa ameunyoosha mguu pembeni ili hina isije ikaguswa.

Ngome ya Mkadini iko kwenye ncha ya kisiwa, mahali mkondo unapobana na kila chombo kinachopita huonekana. Waingereza ndio walioijenga, siku za vita na Mtaliani. Kabla yao pale palikuwa na shamba la minazi la Jeilani. Afisa mmoja mwenye kaptura alikuja, akasimama kwenye mchanga, akatazama bahari, akasema minazi inaziba macho ya mizinga. Ikakatwa yote siku chache tu baadaye. Jeilani aliambiwa asihofu, vita vikiisha atarudishiwa ardhi yake. Vita vilipoisha akaenda kuuliza, akaambiwa asubiri, mbona mizinga bado ipo pale. Akasubiri. Akazeeka akisubiri, akafa, na mizinga ikabaki pale pale, imeelekeza midomo baharini, ikila kutu. Haikuwahi kumpiga adui hata mmoja. Mara moja tu ilifyatuliwa, na aliyepigwa akawa ni nguva, aliyedhaniwa kuwa nyambizi.

Miaka mingi ngome ilikuwa malazi ya mbuzi. Halafu serikali ikaikumbuka. Mafundi wakaja, wakafyeka magugu, wakaziba nyufa, wakazipaka chokaa kuta zote, wakaweka makabati ya vioo yenye kofia za chuma, darubini, chupa za dawa na picha za maafisa wakinywa chai. Langoni wakatundika ubao mkubwa ulioeleza kwamba ngome hii ilijengwa mahali palipokuwa patupu.

Juma lile lile chokaa ilipokauka, kivuli kikaanza kuonekana.

Bi Alawiya alikuwa amekisikia kikisimuliwa lakini hajawahi kukiona. Alipoingia langoni akakiona mara moja. Juu hapakuwa na kitu, anga tupu ya kaskazi, jua linachoma. Chini, juu ya zege jeupe, palikuwa na kivuli cha minazi mingi, vigogo virefu vilivyopinda kidogo kwa upepo, makuti yakicheza. Kiliifunika mizinga yote miwili na sehemu kubwa ya uwanja. Watalii walikuwa wameketi ndani yake wakijipepea kwa kofia.

"Niliwaandikia wakubwa," Patroba alisema akiwapokea. Alikuwa mtu wa bara, mnene, mpole, ameshaishi visiwani muda wa kutosha kujua kwamba mwanamke hapewi mkono. "Wakaniambia niweke mabenchi. Nikaweka. Hapo mwanzo ni kivuli tu, hakina neno. Lakini tangu juzi nazi zinaanguka, na leo ndiyo huyu mzee."

Akawapeleka hadi kwenye mzinga wa pili. Nazi kadhaa zilikuwa zimelala chini, za kijani na za kahawia, moja imepasuka na maji yake yamechora ramani kwenye zege. Bi Alawiya akainua uso.

Mtu alikuwa juu hewani, kimo cha mnazi uliokomaa. Alivaa kikoi kilichofungwa mapajani, miguuni ana kitanzi cha kamba, mkono mmoja umekumbatia kitu kisichoonekana na mwingine umeshika panga. Hakuwa mzee. Alikuwa amerudi na umri aliokuwa nao minazi ilipokatwa, mtu wa makamo mwenye ndevu nyeusi na mgongo imara, mdogo kwa Bi Alawiya kwa miaka mingi. Bi Alawiya alijisikia vibaya kidogo kumwita babu, lakini adabu ni adabu.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba." Mtu yule akatazama chini. "U mwana wa nani?"

"Wa Shuaib."

"Shuaib yupi?"

"Shuaib mwanao."

Jeilani akafikiri. "Shuaib yule mtoto, nimemwata asubuhi akilia nimletee dafu? Ana mwana mkubwa hivyo?"

"Tuko wawili hapa," alisema Bi Alawiya. "Huyu ni Afra."

"Mashallah. Na yeye Shuaib yuwapi?"

"Amekufa, babu. Mungu amrehemu. Amezikwa Mombasa."

"Ndiyo mana siyamuona," alisema Jeilani. Akafuta uso kwa kilemba alichojifunga kichwani, kisha akakata nazi nyingine ikaanguka kwa kishindo karibu na benchi la watalii, nao wakasogea. "Nilikuwa nimemtengea dafu. Kunyweni nyinyi."

Akawatupia dafu, Patroba akalidaka. Alikuwa amekwisha kuzoea.

"Nambieni," Jeilani alisema kutoka juu. "Zita zimekwisha?"

Bi Alawiya alifungua kinywa kusema kwamba vita viliisha zamani, lakini Afra alimtangulia.

"Bado, babu!" alisema kwa sauti ya juu. "Bado kidogo!"

"Haya," alisema Jeilani, akarudi kwenye kazi yake.

Dada wawili wakaketi kwenye benchi, kivulini, wakanywa dafu kwa zamu. Lilikuwa tamu, na baridi kama lililotoka mtungini. Bi Alawiya hakulifurahia.

"Umemdanganya mzee," alisema.

"Nimemstahi. Ukimwambia zita zimekwisha, atataka shamba lake. Atashuka. Akishuka ataona ua, ataona lango, ataona mtu anamwomba tikiti. Halafu aende wapi? Kule juu ana kazi yake, ametulia. Mimi nimelima Kililana miaka yote hii, dada. Najua mtu huwaje akiambiwa ardhi aliyosimama juu yake si yake."

Bi Alawiya alipoinuka akaanza kuzikusanya nazi kwenye kanga, na hapo Patroba akakohoa. Akasema kwa unyonge kwamba, samahani sana, kila kitu kinachookotwa ndani ya ua ni mali ya makumbusho mpaka wakubwa waamue. Yeye mwenyewe alikuwa ameipeleka nazi ya kwanza ndani na kuiweka kwenye kabati la kioo, kati ya kofia ya chuma na darubini. Hakujua aiandikie nini, akaandika "Nazi".

"Wakubwa wanaamua lini?"

"Alhamisi anakuja afisa. Njoo uongee naye, mama. Mimi nitakuwekea hizi kwa stoo."

Siku zile mbili Bi Alawiya hakupata utulivu. Aliunga mchuzi akasahau chumvi. Alisali, na katika kila sijida alisikia sauti ya mtu wa makamo ikiuliza kutoka juu kama vita vimekwisha. Baba yake, Shuaib, alikuwa mtu wa kimya, fundi wa milango, aliyeondoka kisiwani kijana na kurudi kwa maziko tu. Hakuwahi kulitaja shamba. Bi Alawiya alikuwa akidhani amelisahau. Sasa akamwona kama mtoto mdogo mlangoni, anamngojea mtu aje na dafu, na mtu yule jioni ile anarudi mikono mitupu kwa kuwa minazi imelala chini yote.

Alhamisi akaenda. Afra akafuatana naye, ingawa alisema mara kadhaa kwamba haendi.

Afisa aliitwa Bi Wamuyu. Alikuja kwa boti ya kasi, amevaa koti la kujikinga na maji na viatu vyepesi, uso wa mtu ambaye bahari imemtikisa lakini hataki kusema. Alikizunguka kivuli, akakipiga picha. Akamtazama Jeilani juu, akamwambia Patroba amtafutie mzee yule kofia ngumu. Patroba akasema alikwisha kumpa, mzee akaitupa. Kisha wote wakaingia kwenye chumba kilichokuwa ghala la baruti, ambako sasa kulikuwa na meza na feni.

Bi Alawiya akasema haja yake bila kuzunguka. Ardhi ni ya babu yake. Iliazimwa kwa vita. Vita vimekwisha. Arudishiwe.

Bi Wamuyu alimsikiliza mpaka mwisho, na hakuangalia simu hata mara moja.

"Mama, nitakuambia ukweli vile ulivyo," alisema. "Hii ardhi ilichukuliwa mpaka vita viishe. Hilo hakuna anayebisha. Lakini kuisha kwake ilibidi kutangazwe na afisa wa hapa, kwa ngome hii. Huyo afisa alihamishwa, akaenda bila kutangaza. Ofisi yake ikafungwa. Sasa hakuna ofisi yenye uwezo wa kutangaza, kwa sababu ile iliyokuwa nao haipo."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo, kisheria, duniani kote vita vimekwisha. Hapa Mkadini bado."

Feni ikazunguka. Nje nazi ikaanguka.

"Tunapigana na nani?" aliuliza Bi Alawiya.

"Sijui, mama. Mimi nashughulikia majengo."

Afra akacheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka tu, na baada yake Bi Wamuyu naye akatabasamu, akavua miwani na kufikicha macho. Akasema kuhusu kivuli anaweza kusaidia. Kivuli si jengo, wala si kitu cha kale, maana kila siku ni kipya. Hakuna kanuni inayowazuia watu wa nyumba ile kuketi ndani yake, na wao wasiombwe tikiti. Na nazi je? Alifikiri, akamwuliza Patroba kama kuna mnazi wowote ndani ya ua. Patroba akasema hakuna hata mche. Basi, alisema Bi Wamuyu, makumbusho hayawezi kudai matunda ya miti yasiyokuwa nayo. Wachukue.

"Na ule ubao wa langoni?" aliuliza Bi Alawiya. "Unasema hapa palikuwa patupu. Babu yangu anauona kutoka juu."

"Anasoma?"

"Anasoma herufi za Kiarabu. Lakini ataulizia."

Bi Wamuyu akasema ombi la kubadili ubao litapelekwa kunakohusika. Alilisema kwa upole, na kila aliyekuwa mle ndani akajua maana yake.

Walipotoka, jua lilikuwa la saa sita na kivuli kimejikusanya chini ya minazi yake, duara kwa duara. Bi Alawiya akasimama katikati ya duara moja. Afra akamshika mkono.

"Dada, usimwambie."

"Yeye mwenyewe aliambiwa ukweli? Mwanawe aliambiwa ukweli?" alisema Bi Alawiya. "Sisi pia tumdanganye?"

Akainua uso.

"Babu! Zita zimekwisha!"

Panga likasimama.

"Zimekwisha lini?"

"Kitambo. Kabla sijazaliwa."

"Nani ameshinda?"

"Waingereza."

"Wamo humo ndani?"

"Hapana, babu. Nao waliondoka. Walishusha bendera yao wakenda zao."

Jeilani akaegemea hewa. Watalii nao wakamtazama, ingawa hawakuwa wakielewa lugha. Afra alifumba macho.

"Basi shamba liko na nani?"

"Liko na serikali."

"Serikali ya nani?"

"Yetu," alisema Bi Alawiya. Neno lile lilimtoka kwa shida kuliko yote.

"Yetu," alisema Jeilani. Akalizungusha neno kinywani kama anaonja chumvi. "Na wao wajua ni langu?"

"Wajua."

"Wajua na hawanipi."

"Hawakupi, babu. Nimetoka kuuliza sasa hivi."

Afra alifumbua macho, akitarajia kuona kitanzi cha miguu kikianza kuteremka. Hakikuteremka. Jeilani alitazama baharini muda mrefu, upande ule uliokuwa umezibwa na minazi yake siku afisa mwenye kaptura alipokuja. Kisha akachomoa panga kiunoni alikokuwa amelichomeka, akalipima makali kwa kidole gumba.

"Mimi nalidhani ninangojea," alisema. "Kumbe hakuna cha kungojea. Basi na tufanye kazi. Nendeni mulete mapakacha, na mumwambie yule mnene asimame mbali, shada hili ni zito."

Akakata shada zima. Lilianguka kama mlango uliong'oka.

Tangu hapo Alhamisi zikawa siku za Mkadini. Kwanza walikuja dada wawili, halafu Afra alipoahirisha safari yake ya kurudi wakaja na wapwa, na mabinamu wa mtaa wa pili, na mjane wa kaka yao aliyekuwa hatoki nyumbani tangu afiwe. Walikuja na mkeka, birika la kahawa tungu, mikate ya mofa na mbuzi za kukunia. Walikuna nazi chini ya mizinga, wakiwa wameegemeza migongo yao kwenye magurudumu ya chuma, na mtoto mchanga wa binti mmoja alilazwa kwenye kivuli kizito kabisa, karibu na sanamu ya makumbusho, askari wa plastiki mwenye bunduki. Jeilani aliwauliza majina kutoka juu, mmoja mmoja, na wa nani, na aliyesahau kujibu vizuri alirushiwa kidaka, nazi changa kabisa. Alikuwa mtu wa mizaha. Hilo Bi Alawiya hakulijua; hakuna aliyepata kumsimulia.

Watu mjini waliuliza nazi zile zina nini. Hazikuwa na chochote. Zilikuwa nazi. Tui lake lilikuwa zito, wali wake ulinukia, vifuu vyake viliwaka vizuri jikoni. Bi Alawiya alipika, akapeleka sahani kwa majirani, na Patroba akawa anawekewa bakuli lake, samaki wa kupaka na wali, naye akala kwenye meza ya ghala la baruti na feni inazunguka. Alipomaliza alitoka nje kumwambia mzee asante, na mzee alimjibu kwa kumwuliza lini atamwoa mke wa kisiwani.

Siku moja Patroba alilifungua kabati la kioo akaitoa ile nazi ya kwanza, akamletea Bi Alawiya. Ilikuwa imeanza kuchipua. Alisema hakuweza kuiweka tena, chipukizi lilikuwa linaisukuma darubini. Bi Alawiya alitaka kuipanda pale pale kwenye kona ya uwanja, na Patroba, kwa masikitiko ya kweli, akasema kupanda mti ndani ya eneo la vita kunahitaji kibali. Jeilani aliyasikia yote hayo kutoka juu, akasema kwa sauti, "Mwataka kibali cha mnazi, nami niko mnazini." Wakacheka wote, hata Patroba. Ile nazi wakaipanda kwenye pipa bovu nje ya ua, hatua chache tu kutoka langoni, chini ya ule ubao.

Mwisho Afra akalazimika kurudi Kililana, simsim yake ilikuwa inangoja kuvunwa. Bi Alawiya alimsindikiza mpaka bandari ya Mtangawanda na gunia la nazi lililoshonwa mdomo. Gatini palikuwa na askari mgeni, kijana wa Meru aitwaye Mugambi, aliyekuwa akikagua mizigo kabla abiria hawajapanda boti. Akaligonga gunia kwa kiatu.

"Hii ni nini?"

"Nazi," alisema Bi Alawiya.

"Mmetoa wapi?"

"Shambani kwetu, Mkadini."

Mugambi akakunja uso. "Mkadini si ndio kule kwa mizinga? Kule ni kwa serikali, mama."

"Ardhi ni ya serikali," alisema Bi Alawiya. "Minazi ni yetu."

Mugambi alikwisha kwenda Mkadini kwenye siku yake ya mapumziko, na alikuwa ameketi pale kivulini kama watu wote. Akatikisa kichwa kukubali. Akalibeba gunia begani, akalishusha chini kwenye boti taratibu, akauliza kama wanaweza kumwachia moja ya kupikia maharagwe. Bi Alawiya akafumua ushono kidogo kwa kucha, akatia mkono ndani, akapapasa mpaka akaipata kubwa.